Jina Kwenye Tangi

Siku Hayat alipoanza kumkosa Haroub, Haroub mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya kina Hayat, hatua chache kutoka kibarazani, akilifuta vumbi tangi la pikipiki yake kwa kitambaa cha manjano. Hakuwa amesafiri. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na alipoinua uso akamwona Hayat dirishani, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake. Moyo wa Hayat nao ukaruka, kama kawaida yake. Mpaka adhuhuri ya siku ile Haroub alikuwa mchumba wake. Ilipoadhiniwa alasiri, hakuwa tena.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya wazee wa pande mbili kukaa pamoja Vingunguti, nyumbani kwa Bi Raudha, mama yake Hayat, wapange siku ya ndoa. Posa ilishakubaliwa zamani. Kwa upande wa bwana harusi walikuja shangazi yake na ami zake. Mama yake mzazi, Bi Khulud, hakuja, kama ambavyo hakuja siku ya posa. Magoti yalimkatalia, kutoka chumbani mpaka uani kwake Temeke ilikuwa safari. Kwa hiyo akina mama hawa wawili walijuana kwa simu tu. Walipigiana kila Ijumaa, wakaitana "mkwe mwenzangu", wakacheka, wakaombeana dua, na hakuna aliyewahi kuiona sura ya mwenzake.

Uani biriani lilikuwa limeshafunikwa na makaa juu. Hayat hakutakiwa kutoka mpaka aitwe, lakini dirisha halikuwa na sheria, na pale nje mjomba wake Mwishehe alikuwa ameanza vituko vyake.

"Mkwe, hebu nipe na mie nipande," alisema Mwishehe. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye maneno mengi. "Nimeendesha pikipiki tangu wewe hujazaliwa."

"Panda, mjomba. Lakini usiwashe."

Mwishehe akapanda. Kiti cha pikipiki ile kiko chini, karibu na ardhi, na pa kukanyagia pako mbele kabisa, si chini ya paja kama kwenye bodaboda. Mwishehe alinyoosha miguu, haikufika. Akanyoosha mikono, vidole vikagusa usukani kwa ncha. Akabaki amening'inia katikati kama nguo iliyoanikwa, na watu wazima kibarazani wakaangua kicheko.

"Sasa hii walimtengenezea nani?" aliuliza kwa hasira ya mzaha. "Walimtengenezea mnazi?"

"Walimtengenezea mtu mrefu asiye na haraka, mjomba."

"Asiye na haraka, na injini kubwa kama ya gari?"

"Ndiyo hapo sasa," Haroub alisema. "Nguvu inayo. Ukivuta mafuta kidogo unasikia kama mtu amekusukuma mgongoni. Ndiyo maana haimfai mwenye haraka. Wala mwenye hasira. Hao itawaua."

Hayat alicheka peke yake nyuma ya pazia. Maneno yale aliyajua. Ndiyo yaliyowakutanisha.

Yeye alikuwa na duka Keko, barabarani kabisa, katikati ya mafundi wa vitanda na makochi. Aliuza sponji, vitambaa vya makochi na ngozi za kushonea viti. Siku moja ngurumo nzito ilikuja ikasimama mbele ya duka lake, na mafundi wote wakaacha randa zao wakatazama. Kitu chenyewe kilikuwa cheusi, kirefu, kimelala, ekzosi mbili zimetoka ubavuni kama mikono ya mtu aliyejishika kiuno. Juu yake kijana mrefu, magoti mbele, mgongo umetulia.

"Braza, hiyo ni pikipiki au kitanda?" aliuliza Ansbert, fundi wa makochi wa pale jirani, Mhaya asiyeweza kukaa kimya. "Maana naona umelala kabisa."

"Ndivyo inavyokaliwa. Nataka kiti chake kishonwe upya. Nimeambiwa ngozi nzuri iko kwa dada huyu."

Hayat akatoka nje na marobota mawili ya ngozi begani. Haroub akamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Hakumwangalia kwa ufedhuli. Alimwangalia kama fundi anayepima mbao. Hayat alizoea kuangaliwa kwa urefu wake. Shuleni walimwita Twiga, na wanaume wawili watatu walishamwacha kwa sababu hawakupenda kumwangalia kwa kuinua shingo.

"Inakimbia?" aliuliza, kwa kukosa la kusema.

"Kuliko inavyofaa. Lakini kwenye foleni ni mateso. Inakuchoma paja, haipenyi katikati ya magari, ukienda polepole inakubishia. Inataka mtu mwenye miguu mirefu na mikono mirefu, mtulivu, anayejua anakwenda wapi."

"Basi mjini hapa wako wangapi?"

"Nilikuwa namjua mmoja tu," Haroub alisema. "Sasa nadhani wako wawili."

Ansbert alipiga mluzi mpaka wa Keko ya pili wakageuka.

Kiti kilishonwa. Hayat alichagua ngozi nyeusi na uzi mwekundu. Na baadaye, mambo yao yalipokolea, Haroub alirudi kwa Ansbert akaagiza kiti cha nyuma, cha abiria mmoja, kipana, chenye egemeo. Kilipokamilika alikivika nailoni, na haikutoka. Ansbert alimtania sana.

"Sista Hayat, mbona hupandi? Kiti kinaota ukungu."

"Hatujaoana," Hayat alimjibu. "Nitamkumbatiaje kiunoni mtoto wa watu barabarani? Unataka mama anichune ngozi uishonee kochi?"

Haroub mwenyewe hakumsihi hata mara moja. Alisema, "Hicho hakikaliwi mpaka nikabidhiwe mtu wangu kwa heshima." Hayat alilala na maneno hayo miezi. Alikuwa akiwaza Barabara ya Mandela asubuhi ya Jumapili, njia nyeupe haina gari, mikono yake imezunguka kiuno kile, shavu limelala mgongoni. Hakuwaza nyumba wala watoto. Aliwaza hilo tu, na lilimtosha.

Sasa, Jumamosi ile, Bi Raudha alitoka kibarazani na birika la maji ya kunawa, akiwaita wanaume wakaribie chakula. Alikuwa mwenye furaha. Aliisogelea pikipiki, akaitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani.

"Na hii ndiyo itakayomchukua mwanangu? Haya. Na hapa pameandikwa nini?"

Hayat naye akainamia dirisha. Hakuwa ameliona hilo. Kwenye tangi, kwa herufi za fedha zenye mikia mirefu, mchoraji wa mabango alikuwa ameandika jina: AIMAN.

"Ndiyo jina la kampuni?" aliuliza Bi Raudha.

Haroub akacheka. "Hapana, mama. Ni kaka yangu, mkubwa wangu. Alifariki tukiwa wadogo, mie hata sura yake naikumbuka kwa mbali. Nimeandikisha wiki hii. Nimeona naoa, nikataka na yeye awepo."

Bi Raudha hakucheka. "Mama yako," alisema taratibu, "zamani watu walikuwa wakimwita nani?"

"Si Mama Aiman? Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza. Lakini alipofariki, kila mtu akimwita hivyo alikuwa analia. Mzee akawakataza watu. Ndipo akaanza kuitwa Mama Haroub."

"Na mlikuwa mkikaa wapi?"

"Buguruni, mama. Nyuma ya soko. Tulihama nikiwa mdogo."

Bi Raudha akaweka birika chini. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya jina lile, akalifunika. Tangi lilikuwa limepigwa na jua, lazima lilimchoma, lakini hakuuondoa mkono. Halafu akageuka, akapita kati ya wageni bila kuwaona, akaingia jikoni.

Hayat alimkuta ameshika ukingo wa meza.

"Mama, una nini?"

"Funga mlango."

Akafunga.

"Nilipokuzaa wewe nilishikwa na homa ya uzazi. Unalijua hilo."

"Najua. Ulilazwa."

"Nililazwa sijitambui. Bibi yako, Bi Zena, akakuchukua kwake Buguruni, kichanga, unalia mpaka sauti imekauka. Maziwa ya kopo ulikuwa unatapika. Nyumba ya pili kulikuwa na mke wa Mwarabu mmoja, ana mtoto wa kiume ziwani. Bibi yako akakufunga kwenye kanga akakupeleka kwake. Akakunyonyesha." Bi Raudha akaachia meza. "Nilipotoka hospitali baba yako alishatuhamishia huku. Kila siku nasema nitakwenda kumshukuru, nitakwenda kumshukuru. Nilipokwenda, wameshahama. Nikabaki na jina tu nililoambiwa na bibi yako. Nimemwombea dua mwanamke yule miaka yote hii, Hayat. Nikimtaja kwa jina. Mama Aiman."

Hayat alisikia vicheko vya kibarazani kama vinatoka redio ya jirani. Alielewa kabla mama yake hajamaliza. Msichana yeyote aliyekaa madrasa analijua: walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani.

"Kina Mama Aiman wako wengi," alisema.

"Buguruni nyuma ya soko? Mke wa Mwarabu?"

"Mama, hakuna aliyeelewa. Ulijua wewe tu pale. Ungenyamaza." Alimshika mama yake mikono. "Nyamaza, mama. Nakuomba. Bibi keshakufa. Yule mama hakujui. Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe."

Bi Raudha alianza kulia, na Hayat aliogopa zaidi, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kulia.

"Ningenyamaza," alisema. "Wallahi nimesimama pale nje nikijiambia nyamaza, Raudha. Halafu nikawaza, utanizalia wajukuu. Nitawapakataje? Kila nikiwapakata nitakuwa najua. Wewe utakuwa hujui, nao hawatajua, mie peke yangu najua. Na sasa hata wewe unajua."

Na hilo ndilo lililokuwa kweli. Hayat tayari alikuwa anajua.

Wageni waliambiwa wale kwanza, mambo ya siku yatangoja kidogo. Bi Raudha akampigia simu maalim wake, na Hayat na Haroub wakasimama pembeni yake nyuma ya nyumba, wakisikiliza sauti ikitoka kwenye spika. Haroub alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amekishika kile kitambaa cha manjano, anakikunja, anakikunjua.

"Kama alinyonya chini ya mara tano za kushiba," maalim alisema, "hakuna kizuizi. Fungeni ndoa kwa amani. Kama ni tano au zaidi, hao ni ndugu, na mie siwezi kulifungua hilo wala mwingine yeyote. Nendeni mkamuulize mama mwenyewe. Lakini msimwambie kwa nini mnauliza. Mama akijua, atataka kuwasaidia."

Simu ilipokatika, Haroub alivuta pumzi.

"Mara mbili tatu," alimwambia Hayat. "Mama alikuwa na mie wa kunyonya. Angepata wapi maziwa ya watoto wawili? Itakuwa mara mbili tatu, za kumtuliza tu mtoto."

"Itakuwa hivyo," Hayat alisema.

"Usilie basi."

"Silii."

Wakaenda Temeke mchana ule ule. Bi Raudha na Hayat walipanda gari la ami mtu; Haroub alitangulia na pikipiki. Kutoka kiti cha nyuma Hayat aliuona mgongo wake njia nzima, kanzu imejaa upepo, na akawa anamwomba Mungu kwa neno moja tu: mbili, mbili, mbili.

Bi Khulud alikuwa amekaa juu ya godoro sebuleni, miguu imenyooshwa, magoti yanang'aa kwa mafuta ya kuchulia. Alipowaona alipiga makofi.

"Karibuni! Karibuni! Mbona nyie huku na shughuli iko huko? Mmenionea huruma mlemavu?"

"Shikamoo, mama," Hayat alisema.

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Njoo nikuone, picha za simu zinadanganya." Alimvuta mkono, akamkalisha kando yake, na mkono ule hakuuachia. "Mashaallah. Huyu ni mrefu kweli! Haroub, umepata saizi yako."

Haroub alisimama mlangoni. Bi Raudha alikaa kwenye mkeka, akarekebisha ushungi wake, akaurekebisha tena.

"Mkwe mwenzangu, nina swali la zamani kidogo. Mlipokuwa Buguruni, uliwahi kumnyonyesha mtoto wa watu?"

Uso wa Bi Khulud ulifunguka kama dirisha.

"Wa Bi Zena! Nani kakwambia? Yule bibi wa Kizaramo, mpole, hana la kusema. Alinijia asubuhi na kichanga kwenye kanga. Kakonda! Analia haina sauti, mdomo tu unafunguka. Mama yake kalazwa, wamekata tamaa. Nikamwambia, lete huyo. Sikumuuliza hata mume wangu."

"Mama," Haroub alisema, "kumbuka vizuri. Pengine ilikuwa mara moja, mbili..."

"Mara moja! Nani kakudanganya wewe?" Bi Khulud alimgeukia kwa dharau ya mama anayebishiwa jambo lake. "Mara moja ndiyo inamtosha mtoto? Mtoto yule nilikaa naye mpaka mama yake akatoka hospitali. Usiku na mchana. Alilala hapa, na wewe hapa. Na wewe ulikuwa mchoyo! Ukiona nimempa yeye unampiga mateke. Nikawa nawaweka wote kwa pamoja, huyu upande huu, huyu upande huu, mpaka mnasinzia."

"Alikuwa anashiba?" aliuliza Bi Raudha. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Anashiba anatoa povu! Anaachia ziwa mwenyewe, anacheka usingizini. Siku bibi yake alipokuja kumchukua nililia, wallahi, kama wangu. Sikuwa na mtoto wa kike mie. Nikamwambia Aiman wangu, dada yako huyo anaondoka, muage." Akajifuta jicho kwa upindo wa kanga. "Mpaka leo sijui kama yu hai."

"Yu hai," Bi Raudha alisema. "Umemshika mkono."

Bi Khulud akautazama mkono uliokuwa ndani ya mkono wake. Akaufuata mpaka begani, mpaka usoni. Halafu akapiga ukelele wa furaha, akamkumbatia Hayat kwa nguvu mpaka ushungi wake ukavuka.

"Huyu? Huyu ndiye wa Bi Zena? Subhanallah! Mwanangu! Ndiyo maana mrefu hivi! Urefu huu ni maziwa yangu huu! Haroub, tazama, tazama mlivyofanana vimo! Mwanangu karudi..."

Alikuwa anambusu Hayat paji la uso, mashavu, mikono, na Hayat alikuwa amekaa kama gogo, hajui pa kuweka macho. Hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo lililomnyong'onyeza kuliko yote. Mtu huyu alimpa uhai. Alimwokota anakufa, akampa ziwa la mwanawe, hakutaka malipo, na sasa alikuwa anamwua kwa furaha.

Bi Khulud alimtazama Haroub apate wa kucheka naye. Haroub hakuwa anacheka. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, kichwa ameinamisha. Furaha ya yule mama ikakatika katikati.

"Haroub."

"Naam, mama."

"Nimesema nini?"

"Umesema kweli, mama."

"Hapana." Alimwachia Hayat, akamshika tena, akamwachia. "Hapana, ngojeni. Mie mtu mzima. Magoti mabovu, na kichwa nacho kibovu. Pengine nachanganya. Pengine alikuwa mtoto mwingine. Pengine hakuwa anashiba, mkwe, walikuwa wawili, maziwa yangetoka wapi? Niulizeni tena. Niulizeni vizuri, mie sikuwa najua mnauliza nini."

Hakuna aliyemuuliza tena. Msikitini wakaadhini alasiri.

Bi Khulud alishikwa na presha. Wakampa maji, wakampepea, na Bi Raudha akasema hawezi kumwacha hivi, atakaa naye mpaka jioni. Wanawake hawa wawili walikuwa wamelaliana mabegani, kila mmoja anamwomba mwenzake msamaha, mmoja kwa kunyonyesha, mwingine kwa kutosahau. Ami mtu alikuwa amewashusha tu akaondoka na gari. Kule Vingunguti wageni walikuwa wanangoja wapangiwe siku, na lazima mtu akawaambie.

"Mama, nitatafuta bajaji," Hayat alisema.

Bi Raudha alinyanyua uso. Alimtazama binti yake, akamtazama Haroub, na ilionekana wazi alivyolisukuma neno lile mpaka likatoka.

"Ya nini bajaji? Haroub, mpeleke dada yako nyumbani. Sasa hakuna kosa."

Nje, Haroub aliichana nailoni ya kile kiti cha nyuma. Alifanya hivyo bila kumtazama, kwa ukucha wa dole gumba, kama anamenya chungwa. Akampa helmeti. Hayat akakusanya buibui lake, akapanda. Miguu yake ilifika pa kukanyagia bila kutafuta. Alikaa kama aliyepimwa, na alijua alipimwa.

"Shika," Haroub alisema.

Akamshika kiunoni.

Pikipiki ile haikutengenezwa kwa mwendo walioenda. Ilikuwa inanguruma kwa chini, inatetemeka, inataka njia, na Haroub aliizuia kwenye gia ndogo kuanzia Temeke mpaka Tazara. Bodaboda ziliwapita. Mzee wa baiskeli ya mkaa nusura awapite. Joto la injini lilikuwa linamchoma Hayat mguu, naye hakuusogeza.

"Si ulisema inakimbia?" alimwambia sikioni.

"Nikikimbiza tutafika."

Hayat akalaza shavu mgongoni pake. Kanzu ilikuwa imeloa jasho. Alisikia mbavu zake zikipanda na kushuka, zikikwama, zikishuka.

"Basi usikimbize," alisema.

Alikuwa ameota jambo hili miezi mingi, na lilikuwa vile vile alivyoliota, halikupungua kitu. Mikono ilizunguka ilivyotakiwa kuzunguka. Mgongo ulikuwa mpana vile vile. Watu wa njiani waliwatazama, warefu wawili juu ya chombo kirefu, na mwanamke mmoja muuza mahindi alisema kwa sauti, "Wamependezana hao!" Hakuna aliyekuwa na haki ya kuwakataza tena. Ndiyo maana ilimuuma kupita kiasi: kila kilichokuwa haramu jana kilikuwa halali leo, isipokuwa kile alichokitaka.

Karibu na machinjio ya Vingunguti njia iliziba kwa ng'ombe, wakasimama. Haroub akaweka miguu chini.

"Kama ningeandika jina lingine," alisema mbele, bila kugeuka.

"Ungeandika nini?"

"Sijui. Chochote. Watu wanaandika majina ya timu za mpira." Akalifuta jina kwa kiganja. "Nilitaka awepo tu siku ile."

"Amekuwepo," Hayat alisema.

Ng'ombe wakapita. Wakaendelea mpaka mlangoni. Kibarazani Mjomba Mwishehe alisimama, akawaona wamekuja wamepakizana, akapiga kelele ya furaha kwa kudhani mambo yameshakwisha huko huko. "Bwana harusi kashindwa kungoja!" alisema. Haroub akazima injini. Hayat alishuka peke yake, akaenda kumnong'oneza mjomba wake, na uso wa Mwishehe ukazimika. Shangazi mtu aliuliza, "Vipi? Siku gani?" Wakamweleza. Sinia za biriani lililobaki zikarudishwa ndani.

Haroub hakuingia. Alisubiri mpaka wakubwa wake wametoka, akawapungia, akaketi juu ya pikipiki. Aliitazama ile njia, akamtazama Hayat aliyesimama kizingitini.

"Niingie nikuage au niende?"

"Nenda."

"Nitarudi?"

Mchumba anaweza kufukuzwa. Mpenzi anaweza kuambiwa asikanyage tena hapa. Lakini kaka je?

"Hapa ni kwenu," alisema. "Nani atakuzuia?"

Bi Khulud hakukubali mtoto apotee mara ya pili. Tangu siku ile hutuma salamu, hutuma mafuta ya nywele, hutuma vileja, na Bi Raudha naye hupika vyake akarudisha, na mbebaji wa hivyo vyote ni mmoja. Kila Ijumaa baada ya swala Haroub huja Vingunguti. Mbele za watu humwita dada Hayat. Wakiwa wawili tu, hamwiti jina lolote. Hayat ndiye humfungulia mlango, kichwa wazi, nywele zimesukwa, bila ushungi, kwa sababu kaka hafichwi nywele.